Mackinnon Road si Kituo cha Malori Tu: Barua ya Wazi kwa Serikali ya Kaunti ya Kwale

Kwa Mheshimiwa Gavana, mawaziri wa kaunti wa elimu na wa utamaduni, na waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Kwale.

Nakala: Makumbusho ya Taifa ya Kenya; Chuo Kikuu cha Kenyatta; Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Mackinnon Road, pembe ya kaunti yenu ambayo wageni wa Diani hawaijui na madereva wa malori wanaijua kupita kiasi. Ombi langu nalitaja mapema, msije mkachoka kabla hamjalifikia. Pale palipokuwa na bohari ya jeshi la Waingereza, kisha kambi ya kizuizini, ardhi ya umma iliyobaki itengwe, ipimwe, ichorwe, iwekewe kibao, na hapo hapo kijengwe chuo cha ufundi. Siombi nyumba ya makumbusho ya kufungwa kufuli na kufunguliwa siku ya mgeni rasmi. Naomba chuo, chenye vijana, karakana na kelele za nyundo. Sababu zangu ni ndefu kidogo, nivumilieni.

Jina la mji wetu latokana na Sir William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Scotland, aliyekuwa mwenyekiti wa Imperial British East Africa Company, kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Kuanzia 1890 kampuni hiyo ikafyeka njia ya mikokoteni kutoka Mombasa kuelekea Uganda, ikakata nyika ya Taru katikati. Mackinnon akafariki 1893. Reli ikaanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901. Hapo ndipo wanaohadithia habari zetu huishia, kana kwamba baada ya reli hapakutokea kitu isipokuwa ukame.

Kumbe kilichotokea baadaye ni kikubwa kuliko mji wenyewe. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, Waingereza walianza kupoteza ngome zao za kijeshi. India walitoka 1947, Palestina 1948, na huko Misri walikuwa wanasukumwa waondoke kwenye Mfereji wa Suez. Walihitaji pahala papya pa kurundika silaha, magari na vipuri vya jeshi. Wakaitazama ramani, wakaona Mombasa ina bandari, bandari ina reli, na reli inapita mahali penye ardhi tambarare ambapo, kwa macho yao, hapakuwa na mtu. Mduruma na ng'ombe wake hawakuhesabiwa. Mwaka 1947 kazi ikaanza: mabohari, makazi ya askari, uwanja wa ndege, mji mzima wa kijeshi ukaota katikati ya michongoma.

Haukudumu. Bandari ya Mombasa ilisongamana hata mizigo ya kawaida ikakwama, gharama zikapanda, na maji, kama ambavyo mzee yeyote wa hapa angewaambia bure kabla hawajachimba msingi wa kwanza, hayakutosha. Tena, ukipigana Mashariki ya Kati, bohari iliyo Taru iko mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mradi ulikuwa umeachwa.

Mwaka huo huo wa 1947 serikali hiyo hiyo ya London ilikuwa inalima karanga Kongwa, Tanganyika, kwa mamilioni ya pauni. Karanga nazo zilikataa kuota kwa amri, na mradi ukavunjwa 1951. Lakini angalieni nyumba za Kongwa zilivyopata wenyewe. Baadhi ziligeuzwa shule ya watoto wa Kizungu. Shule hiyo ilipohamia Iringa mwishoni mwa miaka ya 1950 ikawa St Michael's and St George's, baada ya uhuru ikawa shule ya Mkwawa, na leo majengo yake ya Iringa ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kongwa yenyewe, kuanzia miaka ya 1960, ikawapa kambi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Mradi ulikufa vibaya, lakini majengo yake yakapata warithi, na kwa sababu hiyo historia yake inasimulika hadi leo kwa kuonyeshwa kidole: hapa palikuwa hivi, pale palikuwa vile.

Mrithi wa Mackinnon Road alikuwa wa aina nyingine. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, wakawakamata maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Watu hao walihitaji mahali pa kufungiwa, na serikali ilikuwa na majengo yaliyokaa wazi Taru, mbali na macho ya waandishi wa magazeti. Mackinnon Road, pamoja na Manyani na Langata, ikawa miongoni mwa kambi kubwa za kupokelea na kuchuja watu waliowekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Waliletwa kwa treni. Walioshuka kwenye stesheni yetu hawakujua wako wapi, na jua la huku halihitaji maelezo kwa mtu aliyezoea baridi ya Nyeri.

Manyani ilibaki gereza, kwa hiyo kila Mkenya analijua jina lake. Kwetu seng'enge iling'olewa, mabati yakaenda, mawe yakajengewa nyumba nyingine, na zege lililobaki likamezwa na vichaka. Mtoto wa shule hapa anaweza kukutajia tarehe ya Operesheni Anvil kwa ajili ya mtihani, asijue kwamba waliokamatwa siku hiyo waliletwa karibu na uwanja anaochezea mpira.

Sasa niwapeleke Kahawa, nje kidogo ya Nairobi, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Waingereza waliposhindwa Taru hawakuiacha ndoto ya kuwa na jeshi Kenya. Waliihamisha tu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walijenga kambi mpya Kahawa, wakaiita Templer Barracks, kwa heshima ya Field Marshal Gerald Templer, mkuu wa majeshi aliyejulikana kwa vita vya Malaya. Safari hii walijenga penye maji na karibu na mji. Mahesabu yao ya kijeshi yaliboreka, ya kisiasa yakabaki yale yale: kabla rangi haijakauka vizuri, Kenya ikapata uhuru wake 1963 na jeshi la Uingereza likafungasha virago. Mwaka 1965 kambi ikakabidhiwa serikali ya Kenya, nayo ikaifanya chuo, Kenyatta College. Mabweni ya askari yakalala wanafunzi, na kumbi za maofisa zikawa na kazi mpya. Mwaka 1970 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na 1985 kikawa Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Waheshimiwa, hizo ni kambi mbili, kutoka kichwa kimoja cha kijeshi, muongo mmoja tu kati yake. Moja leo imesomesha walimu wa nusu ya shule mnazozijua, pamoja na walimu wengi wa Kwale. Nyingine haina hata kibao. Tofauti si ubora wa mawe. Wala sikubali kwamba ni jiografia peke yake, ingawa najua Kahawa iko karibu na Nairobi na sisi tuko karibu na Samburu. Tofauti ni kwamba mwaka 1965 palikuwa na mtu ofisini aliyeamua kwamba Kahawa iwe chuo, na kuhusu Mackinnon Road hakuna aliyeamua lolote. Jengo lisilo na kazi halivunjwi na adui. Linavunjwa na jirani anayehitaji mlango, na jirani hana kosa.

Kwa hiyo nina neno pia kwa wakuu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, niliowapa nakala. Ninyi ndio ndugu aliyepata shule. Idara yenu ya historia ikitaka kuwaonyesha wanafunzi chuo chao kilitokana na mawazo gani, safari ya kwanza iwe kwenye uwanja wao wenyewe, na ya pili iwe huku Taru.

Kahawa si pekee. Kule Nyeri, kambi ya kazi ya Aguthi leo ni Shule ya Upili ya Wasichana ya Kangubiri, na kambi ya Mweru ni Shule ya Upili ya Mweru. Wanafunzi wanasoma mahali walipofungiwa babu zao. Kuna watakaosema jambo hilo ni la kutisha. Mimi naona ndilo jambo la heshima zaidi lililowahi kufanyiwa kambi hizo. Kwa kuwa ni shule, baadhi ya majengo ya zamani yamebaki yamesimama, na vijana wa Museum of British Colonialism, kundi la Wakenya na Waingereza, wameweza kwenda na kamera, kupima kuta na kuzisimamisha upya kwenye kompyuta jinsi zilivyokuwa. Hawakuhitaji mamilioni. Walihitaji ukuta uliobaki na mtu wa kuwafungulia lango.

Huku kwetu Pwani mifano ipo. Pale Tudor, Mombasa, lipo jengo lililoanza kama Mombasa Institute of Muslim Education, MIOME kwa wazee wetu. Lilijengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar Seyyid Khalifa bin Haroub, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni, likapokea wanafunzi wa kwanza 1951, wakati bohari yetu ikiachwa. Lengo lilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Baadaye milango ikafunguliwa kwa Wakenya wote, ikawa Mombasa Technical Institute, ikawa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Majina yamebadilika mara nyingi kuliko rangi ya kuta, lakini mahali ni pale pale, na mzee aliyesoma ufundi wa mitambo miaka ya 1950 anaweza kumshika mjukuu mkono akamwonyesha darasa lake.

Freretown ni kisa cha upande wa pili. Wamishonari wa CMS (Church Missionary Society) waliianzisha 1875 kuwa makazi ya watumwa waliokombolewa. Mwaka 1903 pakaanzishwa chuo cha wachungaji hapo. Mwaka 1930 chuo kikahamia Limuru, na leo ni St Paul's University. Unachokiona Mombasa, ukipita Kengeleni kwenye msongamano wa matatu, ni mnara wa kengele. Kengele moja, nayo inatosha kuwafanya watu waulize. Mackinnon Road haina hata kengele.

Na Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda? Jengo lake kuu, la mwaka 1941, liliteketea usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020. Waganda hawakusema ni ukuta wa mkoloni acha uende. Walijenga upya kwa sura ile ile, na Oktoba 2024 likafunguliwa. Sisi hatuhitaji moto ndipo tukumbuke. Moto wetu ni wa polepole, una jembe na toroli.

Mtaniambia: mbona mji wenu una alama, upo msikiti wa Seyyid Baghali Shah, Pir Padree, kando ya reli. Ndiyo, na nawashukuru kwa kuutaja, maana unanisaidia. Husimuliwa kwamba alikuwa mmoja wa Wahindi waliokuja kujenga reli, na kwamba karai lake la udongo lilielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Aamini anayeamini. Kisichobishaniwa ni kwamba kaburi lake lipo, msikiti unang'aa, na madereva wa malori na mabasi husimama kuomba dua na kutoa sadaka kabla ya kuendelea na safari. Hakuna serikali iliyopatunza mahali pale. Wamepatunza wanaopatumia. Kaburi la mfanyakazi mmoja wa reli limedumu zaidi ya karne moja, na mji wa kijeshi uliojengwa kwa fedha za dola nzima haukufikisha miaka 20. Nataka mwige hekima ya Pir Padree: pahali pakiwa na wenye haja napo kila siku, hapapotei.

Ndiyo maana siombi kibao peke yake. Kibao kitaibwa chuma kiuzwe kwa kilo.

Naomba chuo kwa sababu mnaweza. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti mambo mawili ninayoyazungumzia: makumbusho na shughuli za utamaduni kwa upande mmoja, vyuo vya ufundi vya vijiji kwa upande mwingine. Wizara zenu mbili zina funguo za nyumba moja. Vijana wa Mackinnon Road, Samburu na Taru wanahitaji ufundi wa magari makubwa, maana barabara imejaa malori yanayoharibikia mlangoni mwao. Wanahitaji uashi, mabomba, umeme wa jua. Wajifunzie uashi kwa kusafisha na kuimarisha misingi ya bohari ya 1947. Wajifunze upimaji kwa kuchora ramani ya kambi, wakisaidiwa na wanafunzi wa ujenzi kutoka Tudor. Hiyo ni kazi ya darasani inayoacha kitu nyuma.

Kuhusu sheria, Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali kuwa turathi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kwale mnaijua njia hiyo. Kaya Kinondo imo kwenye orodha ya UNESCO ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda tangu 2008, na wanakijiji wanawatembeza wageni. Shimoni wana mapango ya watumwa, na mapato ya wageni yanawafikia wenyeji. Shimoni pia kuna magofu ya kampuni ya huyo huyo Mackinnon. Kaunti yenu inao mwanzo wa mkoloni baharini na mwisho wake nyikani, lakini vipeperushi vya utalii vinaishia ufukweni. Sisi wa bara la Kwale tumezoea. Hata hivyo kuzoea si kuridhika.

Najua jibu la haraka: watu wana kiu, wewe unazungumzia magofu. Hoja nzito, wala siipuuzi. Bomba la maji kutoka chemchemi za Mzima kwenda Mombasa, lililoanza kufanya kazi miaka ya 1950, linapita ukanda huu huu, na wanawake wetu bado wanabeba mitungi. Leteni maji kwanza, tutashangilia. Lakini chuo nacho kinahitaji maji, na mahali penye chuo bomba hufika upesi kuliko mahali penye malalamiko. Treni mpya ya abiria iliyozinduliwa 2017 husimama Mariakani, Miasenyi na Voi. Hapa inapita tu. Tumeona mji unavyofifia pale ambapo hakuna sababu ya mtu kushuka.

Lipo pia suala la mpaka. Kwa miaka kadhaa Kwale na Taita Taveta wamevutana kuhusu Mackinnon Road ni ya nani, na sote tunajua mvutano huo unanukia ushuru wa malori. Mimi si wakili wa upande wowote. Nawaambia tu kwamba kaunti itakayojenga chuo juu ya uwanja ule itakuwa na hoja bora kuliko ile itakayopeleka maaskari wa kukusanya ushuru.

Jambo la mwisho haliwezi kusubiri bajeti. Waliokuwa vijana 1954 leo wana zaidi ya miaka 85. Wapo Waduruma waliokuwa wakiuza maziwa na kuni kambini, au waliofanya kibarua kwenye mabohari. Wapo Wakikuyu wa Murang'a na Nyeri walioshuka hapa wakiwa na pingu. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wazee 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, baada ya mafaili yaliyofichwa miaka mingi kufichuka, na 2015 mnara wa kumbukumbu ukazinduliwa Uhuru Park. Hayo yalifanyika Nairobi na London. Mwenye kovu usidhani kapoa, na wengine kovu lao lilipatikana hapa Taru. Tumeni vijana wenye simu za kurekodi, walipwe nauli, wazungumze na wazee kwa Kiduruma, Kikamba, Kitaita na Kikikuyu. Kazi hiyo ni ya miezi, na haihitaji tofali hata moja.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inawataka mpeleke Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kwenye Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Tunaomba kikao cha maoni ya wananchi kuhusu mpango huo kifanyike Mackinnon Road, na waje maofisa wa ardhi wakiwa na ramani, ili tuwaonyeshe mahali penyewe kwa miguu. Tunaomba pia mpango huo uwe na mstari mmoja wenye jina la chuo, namba ya kiwanja na fedha zake.

Wenu,

Mkazi wa Mackinnon Road, Kinango